Uso wa Peter Cushing: aliyefariki 1994 alifikaje kwenye filamu ya 2016?

Mpwa wangu aliisimamisha filamu katikati, akanigeukia. "Mjomba, huyu mzee si uliniambia alishakufa?"

Nilimwambia kweli. Wiki moja kabla tulikuwa tumetazama Star Wars ya kwanza, ile ya mwaka 1977, na alipouliza habari za yule kamanda mwembamba mwenye mashavu yaliyobonyea nilimjibu kwamba ni Mwingereza, anaitwa Peter Cushing, na alifariki mwaka 1994. Sasa tulikuwa tunatazama Rogue One, filamu iliyotoka Desemba 2016, na kamanda yule yule amesimama dirishani, sura yake inaonekana kwenye kioo, kisha anageuka na kuanza kusema.

Swali la kijana huyu nimelisikia kwa watu wazima pia, na majibu yanayozunguka barazani na kwenye makundi ya WhatsApp yanazidi kulivuruga. Yupo anayesema ni vipande vya zamani vilivyokatwa na kubandikwa. Yupo anayesema ni akili mnemba. Wengine wanashikilia kwamba ndugu zake waliibiwa, na wengine kwamba mahakama ilishawatia hatiani wenye filamu. Yote manne si sahihi, ila kila moja lina chembe ya jambo la kweli ndani yake, ndiyo maana hayafi.

Tuanze na tofauti ambayo mazungumzo huiruka. Mhusika ni mtu wa hadithi. Mwigizaji ni mtu wa nyama na damu anayembeba. Kamanda Tarkin ni mhusika, na anaweza kuhitajika tena siku yoyote hadithi ikirudi nyuma. Ndivyo ilivyotokea. Rogue One inasimulia yaliyotangulia filamu ya 1977, tena inaishia pale pale ile nyingine inapoanzia. Tarkin ndiye mkubwa wa ngome ya angani inayogombaniwa katika hadithi nzima. Kumwacha nje kungekuwa kama kusimulia Vita vya Majimaji bila kumtaja Kinjikitile.

Cushing, mwigizaji, hakuweza kurudi. Kilichorudi ni sura ya kidijitali, yaani umbo la uso lililofinyangwa ndani ya kompyuta pamoja na ngozi, mikunjo, mboni na meno, kisha likavishwa mtu mwingine aliye hai. Neno hilo "kuvishwa" lishike, tutalihitaji.

Uso wenyewe ulitoka wapi

Kabla ya kompyuta, inafaa kumjua mwenye uso, maana sehemu hii ndiyo inayosahaulika kabisa katika mabishano.

Cushing alizaliwa 26 Mei 1913 huko Kenley, Surrey, kusini mwa London. Jina lake lilivuma kwa filamu za kutisha za kampuni ya Hammer: mwaka 1957 alikuwa Baron Frankenstein, mwaka uliofuata akawa Van Helsing anayemwinda Dracula, na Dracula mwenyewe alikuwa Christopher Lee, rafiki yake wa maisha. Waliomjua kwa sinema tu walimdhania mtu mkali. Nyumbani alikuwa mpole mno, mchoraji wa picha za rangi za maji, mpenzi wa ndege, mtu wa kukusanya vijiaskari vya kuchezea na kuvipaka rangi mwenyewe. Mwaka 1943 alimwoa Helen, na baadaye wakapata nyumba kando ya bahari huko Whitstable, mji mdogo wa Kent unaosifika kwa chaza.

Januari 1971 Helen akafariki kwa ugonjwa wa mapafu. Cushing alikuwa ndiyo kwanza ameanza kupiga filamu nyingine. Akaiacha, nafasi yake ikachukuliwa na mwenzake. Aliporudi kazini, watu walishtuka. Kulikuwa na filamu mpya ya Dracula ambamo alipangiwa kuwa baba wa msichana mmoja. Alikuwa amekonda na kuzeeka kiasi kwamba hadithi ilibidi ibadilishwe, akawa babu yake. Msiba wa miezi michache ulimpandisha kizazi kizima, mpaka palipoandikwa "baba" pakafutwa na kuandikwa "babu".

Baada ya hapo alifanya kazi bila kupumzika, filamu juu ya filamu. Hakuficha kwamba maisha kwake yamebaki kuwa kungoja siku ya kuungana tena na mkewe, na kazi ilikuwa ya kupitishia muda. Kitabu chake cha kwanza cha kumbukumbu, kilichotoka 1986, kinakomea kwenye kifo cha Helen, ingawa wakati anakiandika alikuwa ameishi miaka mingi zaidi ya hapo. Kwake habari ilikuwa imekwisha.

Kwa hiyo George Lucas, mwongozaji wa ile Star Wars ya 1977, alipoipiga kwenye studio za Elstree mwaka 1976, aliyesimama mbele ya kamera alikuwa mjane wa miaka 63 hivi, mifupa ya mashavu imechomoza, macho yameingia ndani. Ukali wa Tarkin ambao dunia inaukumbuka, kwa maoni yangu, nusu ni ufundi na nusu ni alama za msiba. Na kuna jambo dogo linalonifanya nimpende mzee huyu. Mabuti aliyopewa yalikuwa madogo, yakamuumiza miguu, akamwomba Lucas ampige picha kuanzia kiunoni kwenda juu kila inapowezekana. Lucas akakubali. Kwa hiyo katika sehemu kubwa ya filamu ile, kamanda anayeamuru sayari nzima iangamizwe amevaa ndara za chumbani.

Mwaka 1982 aliambiwa ana saratani ya tezi dume, na matumaini aliyopewa yalikuwa ya muda mfupi. Akaishi miaka 12 zaidi. Kazi zilipungua lakini hazikukatika: 1983 alikutana na Lee na Vincent Price katika filamu moja, 1984 aliigiza kwa mara ya mwisho kama Sherlock Holmes kwenye filamu ya televisheni ya kampuni ya Tyburn, na mwaka huo huo akaonekana kidogo katika kichekesho cha Top Secret! akiwa muuza vitabu. Zikumbuke hizo mbili za 1984. Filamu yake ya mwisho ya sinema ilitoka 1986. Mwaka 1989 alipewa nishani ya OBE. Aliomba pia waridi lipewe jina la Helen, na likapewa. Mei 1994 yeye na Lee walirekodi masimulizi ya kipindi kuhusu historia ya Hammer huko Canterbury, na 11 Agosti mwaka huo alifariki katika mji huo huo, kwenye nyumba ya kuwatunza wagonjwa walio mwishoni mwa maisha. Alikuwa na miaka 81.

Kubandika, kushona kiraka, kuvisha

Sasa tuje kwenye ufundi. Kumwonyesha marehemu kwenye filamu mpya si jambo moja. Kuna njia za viwango tofauti, na watu huzichanganya.

Iliyo rahisi ni kubandika. Unachukua picha ya kweli iliyopigwa zamani, unaiweka kwenye hadithi mpya. Mwaka 2004 ilitoka filamu ya Sky Captain and the World of Tomorrow ambamo Laurence Olivier anaonekana, naye alifariki 1989. Ile ilikuwa picha yake ya zamani iliyotumiwa upya. Wanaodhani Tarkin alifanywa hivyo wana hoja, kwani njia ipo kweli. Lakini haiwezi kumfanya marehemu aseme na kutenda kile ambacho hadithi mpya inakitaka.

Ya pili ni kushona kiraka. Oliver Reed alifariki 2 Mei 1999 huko Malta, kazi ya Gladiator ikiwa bado haijakwisha. Yeye ndiye Proximo, yule mzee mwenye kumiliki wapiganaji. Sehemu kubwa ya kazi yake ilishapigwa, hivyo pengo lilikuwa dogo: mtu mwingine alisimama mahali pake na uso wa Reed ukawekwa juu yake kwa kompyuta, wakati hadithi nayo inarekebishwa kidogo. Nguo ilikuwepo, ilitoboka, ikashonwa. Watazamaji wengi hawakugundua.

Ya tatu ndiyo ya Cushing, na hapa hapakuwa na nguo ya kutia kiraka. Ilibidi ifumwe yote. Aliyewahi kuona ngoma ya mapiko ya Wamakonde anaweza kuelewa haraka. Mchezaji anavaa kinyago kilichochongwa. Uso unaouona ni wa mwingine, lakini miguu, mabega, pumzi na mdundo ni vya mtu aliye ndani. Ndani ya Tarkin wa 2016 yumo Guy Henry, mwigizaji wa Kiingereza, mrefu, mwembamba, aliyejifunza namna Cushing alivyosema na kusimama. Aliigiza kila kitu mwenyewe, jukwaani pamoja na wenzake, akiwa na vitone usoni na kamera ndogo iliyofungwa kichwani ili kunasa kila msuli ukisogea. Sauti unayoisikia pia ni yake. Kisha mafundi wa Industrial Light & Magic, kampuni ya kutengeneza picha za filamu kwa kompyuta, wakamvisha uso wa Cushing. Tofauti na kinyago cha mti ni moja tu, nayo ndiyo iliyowatoa jasho: hiki kilitakiwa kisogeze midomo.

Uso huo walikuwa nao kwa namna ambayo Cushing hakuiwazia. Kwa ajili ya kile kichekesho cha 1984, alipakwa plasta usoni ili kupata umbo la kutengenezea jicho bandia kubwa la kuchekesha. Umbo lile la plasta lilitunzwa. Zaidi ya miaka 30 baadaye likapimwa kwa mashine na kuingizwa kwenye kompyuta, kama fundi cherehani anayetandika kanzu ya marehemu mezani ili kupata vipimo vyake.

Vipimo peke yake havikutosha. Walipoitazama tena filamu ya 1977 polepole, waliona kwamba Cushing akitamka "aa" mdomo wake wa juu hautembei. Taya linafunguka kiasi tu, na mdomo wa chini unakaa kama pembe nne, meno ya chini yanaonekana. Guy Henry hatamki hivyo, na watu wengi hatutamki hivyo. Basi kila mahali penye sauti hiyo ilibidi mafundi waukunje mdomo upya kwa mkono. Kisha wakakutana na tatizo la taa. Wakiuangazia uso ule kwa taa za mtindo wa 1977, ulikuwa Cushing. Wakiuweka kwenye giza la filamu mpya, ulianza kufanana na ndugu yake. Na hapo haujabadilishwa hata nukta moja. Hata kwa mtu aliye hai, sehemu ya kile tunachokiita sura ni mwanga tu uliompata siku tuliyomwona.

Kwa hiyo dai la akili mnemba, kwa filamu hii, si sahihi. Ilikuwa kazi ya mikono ya wasanii wengi waliokaa kwenye kompyuta kwa miezi. Akili mnemba ni hatua iliyofuata: mashine inalishwa picha nyingi za mtu, inajifunza yenyewe sura yake inavyokuwa, kisha inaichora juu ya mtu mwingine. Ian Holm, Mwingereza mwingine mkongwe aliyefariki Juni 2020, aliletwa katika Alien: Romulus ya 2024 kwa kuchanganya mdoli unaoendeshwa kwa mitambo, mwigizaji aliye hai na teknolojia ya aina hiyo, kwa ridhaa ya familia yake. Zile video fupi za marehemu wanaoimba na kutoa hotuba kwenye simu zetu zinatoka huku, na hutengenezwa kwa muda mfupi na mtu mmoja. Ndiyo maana jambo la Cushing, lililokuwa la studio tajiri tu, sasa linamhusu kila mtu mwenye picha.

Uso hurithiwa kama shamba?

Mtu akifa, shamba lake linagawanywa. Nyumba, ng'ombe, fedha za benki, vyote vina mrithi. Hakimiliki nayo hurithiwa, lakini hakimiliki inalinda kazi iliyofanywa: filamu, kitabu, wimbo, picha. Uso haukutungwa na mtu. Wengi hudhani hakimiliki inalinda sura, hailindi.

Baadhi ya maeneo yametunga sheria nyingine kuziba pengo hilo. Katika jimbo la California, jina, sauti na sura ya mtu maarufu vinalindwa kibiashara kwa miaka 70 baada ya kifo chake, na warithi ndio wanaosema ndiyo au hapana. Uingereza hakuna sheria kama hiyo. Kule mtu aliye hai anaweza kushtaki ikiwa sura yake imetumika kuwadanganya wateja wadhani ameiunga mkono bidhaa fulani. Kwa njia hiyo mwanamuziki Rihanna alilishinda duka la Topshop mwaka 2013 kwa kuuza fulana yenye picha yake. Lakini kesi ile ilishinda kwa sababu ya wateja waliopotoshwa. Uso kama uso haukuwa na ulinzi.

Kwa hiyo kilichobaki ni idhini na mikataba. Kuhusu idhini, wenye filamu waliiomba kwa wasimamizi wa mirathi ya Cushing, na wakaipata. Yeye na Helen hawakujaliwa watoto. Aliyebeba jukumu hilo alikuwa aliyekuwa katibu wake kwa miaka mingi, mtu aliyemjua kwa karibu. Kusema ndugu waliibiwa, basi, ni kuwaonea waliofanya kazi ile.

Mkataba ndio uliozaa kesi, na hapa inarudi ile Tyburn ya filamu ya Holmes. Mwenye kampuni, Kevin Francis, alikuwa rafiki wa Cushing. Kwa maelezo ya Tyburn, mwaka 1993 waliandaa filamu ya televisheni ambayo mzee, tayari mgonjwa, angeshiriki. Kwa kuwa angeweza kufariki kabla haijakamilika, ilikubaliwa kwamba ikitokea hivyo sura yake ingekamilishwa kwa ufundi wa picha, na kwamba asiruhusu mtu mwingine kuirudisha sura yake kwa njia hiyo bila ridhaa ya Tyburn. Filamu haikutengenezwa. Miaka 23 baadaye ikaja Rogue One, na Tyburn ikadai kwamba waliohusika walinufaika na kitu ambacho kilipaswa kupitia kwake.

Mwaka 2024 upande wa filamu uliiomba Mahakama Kuu ya London iyatupe madai hayo bila kuyasikiliza kikamilifu, na jaji akakataa. Magazeti mengi yaliandika habari hiyo kama ushindi wa Tyburn. Haikuwa hukumu. Jaji alisema hana imani kubwa kwamba madai yangefaulu, ila hayakuwa dhaifu kiasi cha kufukuzwa mlangoni. Ni kama mzee wa baraza anayesema "basi acheni aseme". Wakati huo hakuwa amempa mtu haki.

Mimi, nikiyaweka hayo yote pamoja, sisumbuliwi sana na nani alipwe. Nasumbuliwa na picha ya mtu wa miaka 80, mgonjwa, mwenye shauku moja tu ya kumfuata mkewe, akiwekewa mbele karatasi inayozungumzia uso wake baada ya kufa. Kama maelezo ya Tyburn ni sahihi, basi aliulizwa, na hilo ni afadhali kuliko wengi. Lakini aliulizwa kuhusu teknolojia ya 1993 na filamu aliyoijua, kwa rafiki aliyemwamini. Idhini ya namna hiyo sidhani kama inanyooka hadi kwenye kitu ambacho hakuna aliyekuwa anakiona bado. Na aliyeidhinisha 2016, hata kwa mapenzi mema, alikuwa anakisia tu mzee angesema nini.

Mwigizaji wa Marekani Robin Williams hakuacha la kukisia. Kabla ya kifo chake mwaka 2014 aliweka kwa maandishi kwamba sura yake isitumike kibiashara kwa miaka 25 baada ya kufa kwake. Mwaka 2023 waigizaji wa Marekani waligoma kwa siku 118, na moja ya mambo waliyopigania likawa hili: nakala ya kidijitali ya mwigizaji isitengenezwe bila ridhaa yake iliyo wazi na malipo, na akiwa amefariki waulizwe wenye mamlaka juu ya mirathi yake. Walipata sehemu kubwa ya walichotaka. Mwaka 2024 California ikaongeza sheria inayowagusa hasa waigizaji waliokufa.

Nilimweleza mpwa wangu kadiri nilivyoweza, nikaishia kwenye habari ya mdomo wa chini. Akanyamaza. Kisha akachukua rimoti, akairudisha Rogue One hadi pale kamanda anapogeuka kutoka dirishani, akaisimamisha, akasogea karibu na televisheni. Akaitafuta ile ya 1977 kwenye simu yake, akaisimamisha nayo, akaiinua kando ya skrini. Alikaa hivyo muda mrefu, mkono umenyooka, akiangalia huku na huku.

"Hapa meno ya chini yanaonekana, Mjomba," akasema. "Na hapa pia. Lakini huyu wa kwenye simu kama amechoka."